Mashimo Nyuma ya Nyumba

Nakumbuka siku moja, katika masika ya pili baada ya vita vya Maji Maji, Mjerumani akiwa bado bomani, tulipompoteza Tabu, mtoto pekee wa kaka yangu Mtepa. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Ukuta aliojifunzia kusimama ndio uliomwangukia.

Mwanangu, umeniambia kwamba umepata nyumba ya kununua kule juu, kwenye mteremko wa Matogoro. Umeniambia kuna upepo mzuri, na ukisimama mlangoni unauona mji wote wa Songea chini yako. Nilifurahi. Kisha ukaniambia kwamba mwenye nyumba hujapata kumwona, umeonana na dalali tu, na nikaacha kula. Mimi si msomi. Misheni nilikaa misimu michache, nikajua kusoma na kuandika, nikarudi shambani. Sina la kukufundisha ila nililoliona kwa macho yangu.

Vita vilipokwisha, Songea haikuwa mji. Lilikuwa boma, na kulizunguka boma ni majivu. Maghala yalichomwa, ng'ombe walichukuliwa, na sisi tuliokuwa tumejificha porini upande wa Lusewa tulitoka kwa sababu mizizi ilikuwa imetuishia. Ikatoka amri watu wakae karibu na boma, waonekane. Mtepa alipewa kazi ya kuchimba na kubeba mawe. Alikuwa na mke, wifi yangu, na mtoto aliyezaliwa kwenye njaa, ndiyo maana akaitwa Tabu. Na mimi nilikuwa mwari, bado sijaolewa, nikiwafuata wao. Wote tulilala kwenye kibanda cha majani ambacho upepo ukivuma tulikishika kwa mikono.

Basi Mtepa akatafuta nyumba. Na nyumba aliyoipata ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Ilikuwa juu mlimani, ya miti na udongo, imekandikwa vizuri, paa bado zima. Ilikuwa ya mtu aliyeitwa Ndunguru, Mmatengo aliyehama kutoka milima ya kwao akaja kukaa nasi kabla ya vita. Huyo Ndunguru alikuwa miongoni mwa wanaume walionyongwa bomani. Walizikwa pamoja katika shimo moja, na wake zao hawakuruhusiwa kusogea. Mjane wake alitolewa kwenye nyumba ile, akaenda kukaa kwa dada yake bondeni, upande ambao leo mnauita Mjimwema. Nyumba ikashikwa na jumbe mmoja, na jumbe ndiye aliyemuuzia Mtepa, kwa majembe na kaniki tulizokuwa tumezificha ardhini wakati wa vita.

Sasa nisikilize hapa. Kwetu, nyumba ya marehemu haikuwa ikiingiwa kimya kimya. Anayeihamia alikuwa akimwendea kwanza mjane, anaketi naye chini, anampa pole. Mjane akisha kulia, huinuka akakuzungusha: mpaka wako huu, hapa panavuja, jirani yule mkorofi, njia ya maji ni ile. Kisha anakupa kaa la moto kutoka jikoni kwake, ukawashe jiko lako. Hapo ndipo nyumba inakuwa yako. Wazee walisema nyumba njema si mlango, na waliokuwa wakijua kilichomo nyuma ya mlango ni wale wanaoiacha.

Wifi alimkumbusha mumewe. "Baba Tabu, twende kwa yule mama. Hata kama hatuna cha kupeleka, tupeleke macho."

"Nyumba nimenunua kwa jumbe," Mtepa akajibu. "Jumbe ndiye mwenyewe."

"Jumbe ameijenga yeye?"

"Wewe mwanamke, ukitaka kulala tena kwenye majani, sema!"

Wifi akainuka akaenda zake. Lakini mimi nilijua kilichomzuia kaka yangu, maana aliniambia siku moja tukichota maji, bila kunitazama. Askari walikuwa wamemlazimisha kubeba magogo kuyapeleka bomani. Hakujua ni ya kazi gani mpaka alipoona yanasimikwa kuwa miti ya kunyongea. Tangu siku hiyo alikuwa akikutana na mjane yeyote wa wale watu njiani, anaingia vichakani. Si kiburi, mwanangu. Watu wengi huwaita wenzao wenye kiburi kumbe wana haya tu. Lakini haya nayo ikikaa sana ndani huharibu kama kiburi.

Tukahamia. Na siku tulipopanda nyuma ya nyumba kutazama shamba, tukayakuta mashimo. Yalikuwa yamejipanga safu juu ya safu kwenye mteremko, ya mraba, kingo zake zimeinuka, ndani mmeota majani. Mimi nilizaliwa tambarare, baba yangu alichunga ng'ombe, sikuwahi kuona kitu kama kile.

"Makaburi," wifi akasema, na akamfunika mtoto uso.

"Makaburi gani ya watu wafupi hivi?" Mtepa akacheka. Kisha kicheko kikamwisha. "Haya ni mashimo ya kufichia ulezi. Askari wakipita hapa wakayaona, watasema na sisi tumeficha. Si ndivyo walivyomkamata Ndunguru mwenyewe?"

Usimcheke. Mwaka ule shimo lilikuwa na maana mbili tu: lilikuwa la chakula cha kuficha au la mtu. Yote mawili yalileta askari. Mtepa akachukua jembe, akayafukia yote, akasawazisha mteremko ukawa laini kama mgongo wa ng'ombe. Akapata na mahali pa kupanda mahindi, akafurahi.

Yule mjane, Mama Ndunguru, akasikia. Mji mdogo, habari haihitaji miguu. Kiangazi kilipokuwa kinaelekea mwisho, akapanda mlimani na kapu lake kichwani. Nilimwona tangu mbali, mwanamke mrefu, mkavu kwa njaa. Mtepa naye alimwona. Akaingia ndani. "Mwambie sipo," akaniambia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, binti. Kaka yako yupo?"

"Hayupo, mama."

Akautazama mlango, ambao siku zile tuliufunga kwa mkeka. Akautazama sana. Kisha akatazama mteremko nyuma ya nyumba, na nikaona macho yake yakitafuta kitu. "Mwambie nimekuja," akasema. "Mwambie mvua isije kabla hatujaonana." Akashuka. Hakuomba hata maji.

Nilimpa Mtepa maneno yale vile vile, sikupunguza wala kuongeza. Akageuka rangi. "Umesikia? Ananitishia! Anataka kunirogea mvua."

"Labda ana neno," wifi akasema.

"Neno gani? Maji! Tuliambiwa maji yatatulinda na risasi, tukafa. Leo mjane mwenye kinyongo ananitumia salamu za maji, nimfuate nikanywe tena?" Akakataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba.

Na mimi nilimwamini, kwa kuwa wakati ule kila mtu alimwogopa mwenzake. Watu walikuwa wamekufa wengi mno, na waliobaki walitafuta nani wa kumlaumu aliye karibu, kwani aliyekuwa bomani hakulaumika. Neno la kuonya lilipita masikioni mwetu likageuka laana.

Mvua zikaanza. Za kwanza zilikuwa ndogo, tukacheka. Mahindi yakaota mazuri. Kisha ikaja mchana mmoja ambao Matogoro haikuonekana, wingu limekaa juu yake kama chungu kilichofunikwa. Mtepa alikuwa kazini bomani. Wifi alikuwa chini kidogo, anafukuza kuku waingie bandani. Mimi nilikuwa barazani natwanga. Tabu alikuwa ndani, amelala kando ya ukuta wa nyuma, mahali penye joto la jiko.

Sikusikia radi. Nilisikia kama watu wengi wanaburuta ngozi kavu. Mteremko wote ule uliosawazishwa ulishuka, matope na mahindi na mawe pamoja, ukaupiga ukuta wa nyuma, na ukuta ukaingia ndani. Basi. Haikuchukua hata muda wa kuita jina.

Tulichimba kwa mikono, wifi na mimi. Wifi alikuwa anasema, "Nakuja mama, nakuja mama," kama anayemjibu mtoto. Majirani walikuwa mbali. Mtu wa kwanza kufika na jembe alikuwa Mama Ndunguru. Alikuwa ameliona lile wingu kutoka bondeni, akaanza kupanda. Alituondoa, akachimba pembeni kwanza ili matope yasizidi kumwagika, akawa anajua pa kupiga jembe na pa kutumia mkono. Ndiye aliyemfikia. Ndiye aliyemtoa, akamfuta uso kwa kitambaa cha kichwa chake, akampa mama yake.

Mtepa alifika akikimbia, amelowa. Alipomwona mjane amesimama pale na jembe akapiga magoti kwenye matope. "Mama," akasema, "umeniroga kwa sababu ya magogo?"

Sitalisahau jibu lake. Alilitoa kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechoka.

"Nikuroge nini, mwanangu? Najua ulibeba nini. Wangu naye wangemlazimisha, angebeba. Mimi nilikuja kukwambia usifukie ngoro. Ndiyo jina lake, yale mashimo. Kwetu Umatengo mlima wote tunauchimba hivyo. Maji yakishuka yanaingia shimoni, yanapumzika, yanazama. Yasipopumzika yanakimbia. Mume wangu alichimba haya kabla hajasimamisha hata nguzo moja ya nyumba. Nilikuja nikwambie uyafukue kabla ya mvua. Nikaiona miguu yako chini ya mkeka."

Mtepa akautazama mteremko.

"Ulinunua kuta," mjane akasema. "Habari zake uliniachia mimi, na mimi sikuwa nazihitaji tena."

Tulimzika Tabu siku iliyofuata, pembeni, mahali ambapo udongo ulikuwa umekaa. Mama Ndunguru alikuja matangani akaketi kwenye mkeka na wanawake. Wifi alipoanza kulia, na yeye akaanza. Alilia kwa jina la mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumlilia hadharani, maana bomani hawakuruhusu, na kwa dada yake waliogopa. Wanawake wakampokea. Kaburi lilikuwa moja, dogo, na misiba ilikuwa miwili.

Matanga yalipokwisha, Mtepa alimwendea akamwambia achukue nyumba yake, iliyobaki.

"Nyumba gani?" akamjibu. "Hebu nishikie jembe nikuonyeshe."

Wakapanda. Akamfundisha kufyeka majani, kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, kisha kuchimba udongo katikati na kuyafunikia, mpaka kila shimo likawa na kingo zake. Alimrudisha mara nyingi. "Hapo umechimba kaburi," alikuwa akimwambia, "chimba ngoro!" Na siku moja nikamwona kaka yangu anatabasamu kidogo, na yule mama pia, kisha wote wakainama haraka wakaendelea na kazi. Ukuta ukajengwa upya. Mama Ndunguru akaleta kaa la moto kwenye kigae, akampa wifi mkononi. Hapo ndipo nyumba ilipokuwa yetu.

Basi mwanangu, ninayokuasa ni haya, na ni machache. Usinunue nyumba kwa dalali peke yake. Mtafute anayeiacha, hata kama ana kinyongo, hata kama wewe ndiye mwenye haya. Keti naye. Muulize kwa nini anaondoka, maji yanapita wapi, na nani alifia humo. Ukikuta nyuma ya nyumba kitu usichokielewa, usikiondoe mpaka umpate anayekielewa. Nyumba ya mlimani itazame wakati wa mvua. Kiangazi kila mteremko ni mpole. Na anayekuja kukuambia neno baya la kusikia, mfungulie kwanza. Huenda umekaa nyuma ya mkeka na miguu yako inaonekana.

Mungu akujalie nyumba ambayo aliyetoka alikuaga kwa heri. Mvua ikinyesha juu yako, izame taratibu. Watoto wako wajifunze kusimama kwa kushika kuta zako, na kuta ziwasubiri mpaka wakue waziache.

Kaka yangu hakuzeekea pale. Wajerumani walipoingia kwenye vita vyao na Waingereza, walikusanya wapagazi, na Mtepa alikuwa miongoni mwao. Hatukupata kaburi lake. Asubuhi walipomfuata aliomba kungojwa kidogo, na askari, sijui kwa nini, akakubali. Alichukua jembe akapanda nyuma ya nyumba, akasafisha mashimo, yale ya juu kwanza. Akashuka, akanawa miguu, akamkabidhi jembe Mama Ndunguru, aliyekuwa amekuja kumuaga. Kisha akaingia kwenye mstari.