Kona ya Tatu ya Mto

Kazini walimwita Mzee Rula. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi, kainamia meza pana kutwa nzima, wino mweusi kwa barabara, wa buluu kwa mito. Mikono yake iliijua nchi yote. Macho yake hayakuwa yameona hata robo. Wapimaji ndio waliokwenda porini, yeye akaletewa tarakimu.

Alikuwa amekwishastaafu binti yao alipojifungua huko mbali, akamtumia tiketi ya ndege. Mkewe hakuweza kwenda. Magoti yalikuwa yamemgomea. Hata ngazi tatu za mlangoni zilikuwa mtihani. Nyumba ya mama yake, kule kwenye kona ya tatu ya mto, ulikuwa mwaka wa saba hajaitia machoni.

"Ukipita juu ya kwetu, unisalimie," alimwambia mumewe, nusu utani.

Mzee neno lile alilitia moyoni.

Siku ya safari, kumbe kiti chake ni cha katikati. Dirishani amekaa muuguzi mmoja, keshaanza kusinzia.

"Mwanangu, samahani sana. Naomba tubadilishane viti. Kuna mahali nataka kupapiga picha."

Muuguzi akamtazama, akacheka, akampisha.

Picha za kwanza zilikuwa vituko: bawa, kidole gumba, na uso wake mwenyewe umemkodolea macho kutoka kwenye kioo.

"Siyo hivyo, baba. Simu iguse kioo. Hebu ngoja." Muuguzi akavua mtandio wake mweusi, akamfunika kichwa pamoja na simu ili kuziba mwanga wa ndani. Abiria wa nyuma wakanong'onezana.

Chini ya mtandio Mzee Rula aliona vilima, kisha mashamba viraka viraka, kisha mto. Aliutambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Akahesabu kona: ya kwanza, ya pili yenye kisiwa kidogo...

"Ndiyo hiyo!" akapaza sauti. Akabonyeza, akabonyeza tena, machozi yakimtiririka wala asiyafute, isije ikampita.

Wiki tatu baadaye alikuwa nyumbani. Walipokwisha kuzitazama picha za mjukuu kwenye simu mpaka wakatosheka, waliketi ukingoni mwa kitanda, wakipokezana miwani moja. Mkewe akaikuza picha ya mto kwa vidole viwili. Paa dogo lilimeremeta, halizidi punje ya mchele.

"Kwa mama hapa," alisema polepole. Halafu sauti ikabadilika. "Mbona bati jipya?"

Papo hapo akampigia kaka yake. "Umeezeka nyumba ya mama, mimi hata kunong'onezwa sikunong'onezwa?"

"Nilitaka niimalize kwanza... Nani kakwambia?"

"Nimekuona kutoka juu!"

Kaka akaangua kicheko, naye dada akacheka mpaka akalia, kisha akaanza kuulizia kila mti wa pale uani. Mzee Rula akainuka taratibu, akaenda jikoni kubandika chai.