Roboti Iliyonipeleka kwa Pasta

Jamani, mimi ni fundi wa stima hapa Kanja. Juzi binti yangu Wawira aliniomba niunganishe mota za miguu ya roboti yake. Waya nyeusi ya betri ya mota sikuifikisha kwenye bodi, ile kompyuta ndogo inayoziamuru. Niliona bodi ina betri yake, inatosha.

Nikiwa peke yangu, roboti ikaanza kutetemeka. Kila nikisogeza mkono, miguu inapiga meza kwa hasira! Nikamkimbilia pasta, tukaja kukemea pepo, mimi nikiwa nyuma ya kiti.

Wawira akaingia, akaunganisha waya nyeusi. Roboti ikatulia.

"Baba, bila waya hii, mota hazielewi zinaambiwa nini."

Pasta akanigeukia polepole. "Fundi, si ni wewe ulituwekea stima kanisani?"