Kiraka Kinachokula Mwendo

Sogea kidogo unisikilize, maana jambo hili ni rahisi ukilifuata hatua kwa hatua, na mimi mwenyewe nilisahau hatua moja.

Mama yangu ana moyo uliochoka. Mwaka jana daktari wake hapa Goma alimbandika kifuani kiraka cha majaribio, chembamba kama plasta ya kidonda, laini, kinachojikunja pamoja na ngozi. Husikiliza mapigo na kuyatuma kwenye simu iliyo mkobani mwake, na simu hiyo huyatuma kwenye yangu. Hakichajiwi. Mama akitembea, akiinama, akifua nguo, kiraka nacho hukunjika, na kila mkunjo huzaa umeme kidogo. Unaobaki huwa akiba ya kukivusha usiku. Kwetu, mtaa wa Mapendo, ambako umeme huja unapotaka, niliona hiyo ni neema.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo nilimweleza mama kila kitu: asikipake mafuta, asikikwaruze, aoge bila hofu. Nilimwonyesha mstari wa moyo wake ukipanda na kushuka kwenye simu. Akauliza kama na dhambi zinaonekana. Nikamjibu bado.

Daktari alisisitiza jambo moja: moyo ukianza kwenda mbio bila kutulia, mama akae, asitembee, afikishwe hospitalini siku hiyohiyo.

Kisha kaka yake akafariki Vitshumbi, kijiji cha wavuvi mbali na hapa. Mama akaenda kumzika, mimi nikabaki kwa sababu ya mitihani ya shule. Nilikagua kiraka, dawa, simu na kichaji chake kidogo cha jua. Nikaona nimemaliza.

Siku ya safari na siku ya maziko mstari ulikuwa wa kawaida. Kesho yake asubuhi, nikiwa darasani, ukaanza kwenda mbio. Ukakatika, ukarudi. Kisha ukatoweka kabisa.

Nikapiga simu, hakuna aliyepokea. Simu yake ilikuwa mkobani, sauti imezimwa kwa heshima ya kilio. Nikakimbilia kituo cha magari. Wakaniambia barabara imefungwa tangu alfajiri, haipiti hata pikipiki. Dereva mmoja alinionea huruma, akanishauri nirudi nyumbani nikamwombee. Nilikaa juu ya mawe meusi ya ukuta wetu, nikiitazama simu. Nilijua jinsi kila sehemu ya kifaa kile inavyofanya kazi, na ujuzi huo haukunisogeza hata hatua moja kumwelekea mama.

Mchana mke wangu akamkumbuka mwanamke anayemuuzia samaki sokoni, ambaye dada yake huanika samaki kulekule Vitshumbi. Tukampata huyo dada kwa simu. Akaenda msibani, akamwekea mama simu sikioni.

"Mama, uko muzima?"

"Niko. Nimeikala tu."

Amekaa tu. Hapo nikaelewa. Kwetu, dada wa marehemu hukaa mkekani, mgongo ukutani, siku zote za kilio. Huletewa maji, huletewa chakula. Hata kuinuka huinuliwa. Pumzi peke yake haikishibishi kiraka, na tangu maziko kilikuwa na njaa. Katika maelezo yangu yote sikufikiria kilio. Nilipomwambia kwamba kimezimika kwa sababu hatembei, akaniuliza:

"Unataka nicheze ku matanga, mutoto wangu?"

Akina mama waliokuwa karibu naye walicheka chini chini, nami nikacheka. Lakini niliisikia pumzi yake, ilikuwa fupi. Mbio za asubuhi zilikuwa za moyo wenyewe, hazikutokana na njaa ya kiraka. Ili niuone moyo wake, ilibidi atembee. Ili moyo utulie, ilibidi akae.

Nikamwomba yule dada amshike mama mkono, nikamfundisha kuhesabu mapigo. Akahesabu kwa Kifaransa, kama anavyohesabu samaki, mimi nikitazama saa. Yalikuwa mengi mno. Muuguzi wa pale alikuja, akasema anayehitajika ni daktari wa moyo, yaani turudi kulekule Goma. Mpaka jioni yule dada alinipigia kila saa, akanitajia idadi, nami nikamshukuru, kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya.

Barabara ilifunguliwa siku ya nne. Mama alifika miguu imevimba. Daktari alimbadilishia dawa, akatuambia kwa upole kwamba moyo ule hautarudi kama zamani. Sasa mama hukaa zaidi ya anavyotembea, na kuna siku kiraka hunyamaza kutwa nzima. Siku hizo humshika mkono.

Nawe jifunze leo, kabla hujahitaji. Si vigumu, utaweza. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, upande wa ndani, chini ya kidole gumba chake. Bonyeza taratibu mpaka usikie mapigo, hesabu dakika nzima, kisha andika idadi na saa.