Mwana wa Bwana Miti

Mwalimu mstaafu hakuwa mtu wa makelele. Tangu awe mjane, kila Jumamosi alikwenda bustani ya mtoni kunyoosha miguu chini ya miti iliyopandwa na marehemu mumewe. Mji mzima ulimwita marehemu Bwana Miti. Alifanya kazi pale mpaka nguvu zikamwisha, na hakuwahi kubeba nyumbani hata ua moja la bustani.

Safari hii alikwenda na mjukuu wake wa kike, aliyetaka kuchezea maji. Wakakuta mto umejaa povu, watoto wametolewa majini, wazazi wamenuna kama waliolambishwa shubiri. Mwalimu akalifuata povu kwa macho. Gari lilikuwa limeingizwa mtoni, maji yamefika nusu ya magurudumu, na mwanamume aliyekunja suruali analisugua huku akipiga mluzi. Alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Akamgeukia bawabu wa bustani aliyesimama karibu, akamuuliza magari yameanza lini kuingia bustanini. Bawabu akainamisha kichwa. Alisema alijaribu kumzuia, lakini mwenye gari akamwambia yeye ni mtoto wa Bwana Miti, basi akaona haya kumfungia. Wala haikuwa mara ya kwanza.

Mwalimu akateremka hadi ukingoni. Jina alilolitunza kama mboni ya jicho, kumbe huku lilikuwa linatumika kufungulia geti!

"Shikamoo, mama," mwanawe akasema akicheka. "Namalizia tairi hili tu, niwarudishe na gari safi."

"Umemwambia nini bawabu?"

"Nimejitambulisha tu. Kwani mzee si baba yangu?"

"Baba yako aliingia hapa kwa miguu, jembe begani. Wewe umemfanya kibali cha kuchafulia watoto wa watu maji. Maiti hana mdomo wa kukukana. Mimi ninao."

Mwana akamsihi apunguze sauti, watu wanatazama. Mwalimu akaipandisha. Akamwambia bawabu, kila mtu akisikia, kwamba atakayelitaja jina lile getini arudishwe, na huyu afanywe kama angefanywa mwingine yeyote. Bawabu akaleta mnyororo, akaufunga kwenye gurudumu mpaka mkuu wa bustani afike.

"Mama, gari hili la kazini. Bosi akijua, nimekwisha."

Mwalimu akamshika mjukuu mkono.

"Mwambie wewe ni mtoto wa nani," akasema, nao wakashika njia ya nyumbani kwa miguu.