Mlinzi Aliyecheza kwa Jina la Mdogo Wake

Mara ya kwanza jina la Valentine lilipotangazwa uwanjani, Wakesho hakugeuka. Alikuwa Kampala kwenye michezo ya shule, msichana wa miaka kumi na tisa, ameinama anafunga kamba za viatu. Mwalimu Danson, kocha wao wa mpira wa pete, ndiye aliyemfinya bega.

"We msichana, unaitwa! Umesahau jina lako?"

Wenzake walicheka, wakidhani ni woga wa ugenini. Aliingia uwanjani uso ukimwaka moto. Siku hiyo alimbana mfungaji wa upande wa pili, dada mrefu kama mlingoti, hata mpira ukawa haufiki peteni. Wakarudi Kenya na kombe.

Valentine mwenyewe, mdogo wake wa miaka kumi na mitano, alikuwa nyumbani Mwatate akichota maji.

Baba yao, mwalimu mkuu Lewis, ambaye mpaka leo Mwatate humtaja kwa heshima, alifariki Wakesho akiwa darasa la nane. Binti akakaa nyumbani miaka miwili kumsaidia mama. Aliporudi masomoni alikuwa mkubwa kuliko wenzake, mrefu kuliko wote, na katika mpira wa pete hakuwa na mpinzani. Lakini michezo ya shule ilikuwa na kikomo cha umri, naye alikuwa amekivuka. Mwalimu Danson akaja kwa mama yao. Alikunywa chai, akasifu mihogo, akazunguka mbuyu, mwisho akauliza kama nyumbani hapakuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto mwingine.

Mama yao, Rachel, hakuwa mtu wa njia za panya. Alikuwa karani wa serikali kwa miaka ishirini, alijua uzito wa karatasi. Aliweka mkono juu ya kifuniko cha sanduku la vyeti. Kisha akakifunua.

"Ni safari moja tu," alisema. "Mkirudi, cheti kirudi hapa."

Hakikurudi. Safari ilizaa pasipoti, pasipoti ikazaa kuitwa timu ya taifa, na baadaye kitambulisho kikatolewa kwa jina lile lile. Kwa miaka kumi na mmoja Wakesho alilinda goli la Kenya: Dar es Salaam, Lusaka, Gaborone. Alijifunza kugeuka haraka akiitwa. Mchezaji wa mpira wa pete haandikwi jina kifuani. Huandikwa herufi za nafasi yake. Alijifariji kwa hilo, kwamba anayeruka pale ni mlinzi tu. Ila wimbo wa taifa ulipopigwa, wenzake wakitazama bendera, yeye alitazama viatu vyake.

Majirani waliosoma gazeti walimuuliza mama mbona chini ya picha ya Wakesho pameandikwa Valentine. Mama alijibu kwamba gazeti limechanganya mabinti zake.

Miezi michache baada ya kutimiza miaka kumi na minane, Valentine alishuka Voi na nakala ya cheti chake kuomba kitambulisho. Akaambiwa dirishani, foleni nzima ikisikia, "Mwenye cheti hiki alishachukua, na alama za vidole si zako. Umekitoa wapi?" Alikimbia kama mwizi, yeye aliyeibiwa. Nyumbani mama alimwambia anyamaze: akisema, dada yake atafungiwa, na jina la baba litaburutwa matopeni. Alinyamaza miaka tisa. Hoteli moja ya Voi ilimwita kazini, ikataka kitambulisho, akakosa kazi. Akaishia Miasenyi, kando ya barabara kuu, akiwauzia vitunguu madereva wa malori, laini yake ya simu ikiwa imesajiliwa kwa jina la mama.

Goti lilipomstaafisha Wakesho, kanisa la kwao lilipanga ibada ya shukrani. Akaenda Miasenyi kumwalika mdogo wake.

"Karibu, Valentine," mdogo mtu alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu.

"Mdogo wangu, usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Nchi nzima inakuita hivyo. Mimi ndiye sina la kuitwa."

Kasiva, muuzaji wa meza ya pili, aliangua kicheko. "Nyinyi ndugu mna utani! Mpaka majina mnaazimana?"

Valentine alifunga mfuko mmoja wa vitunguu, akaanza wa pili.

"Mwanangu anaanza shule mwakani," alisema. "Wataniuliza mama yake ni nani, watataka namba ya kitambulisho. Nijibu nini, dada?"

Wakesho alijikuta anatazama viatu.

Jumapili, Mchungaji Thadeus alimwita mbele. Vigelegele vilipigwa mpaka nje. Akasubiri vikaisha.

"Mpira nimecheza mimi," alisema. "Lakini jina nililochezea si langu. Ni la huyu mdogo wangu, aliyekaa nyuma pale. Nililichukua nikiwa na akili zangu timamu, na yeye ameishi bila jina."

Hakumtaja mama. Ndipo Mama Rachel akasimama kwenye safu ya mbele, mkoba kifuani, shingo imenyooka kama siku za ofisini.

"Cheti nilikitoa mimi kwa mkono wangu," alisema. "Msimseme mtoto peke yake." Akaketi. Tangu kumzika mumewe hakuwahi kuinamisha kichwa mbele ya watu. Siku hiyo aliinamisha.

Yaliyofuata hayakuwa matamu. Kazi ya ukocha aliyoahidiwa Wakesho iliyeyuka, na sokoni watu walinyamaza akipita. Kukawa na barua ya chifu, kiapo kwa wakili, maswali ya polisi, miezi saba ya kupanda na kushuka Voi ili jina lirudi kwa mwenyewe.

Siku ya mwisho ndugu wawili walikaa benchi moja nje ya ofisi ya vitambulisho, wakigawana chupa ya maji. Mlango ukafunguliwa.

"Valentine!" karani aliita.

Wakesho aliinuka upesi, kama alivyozoea. Alikuwa tayari amesimama, watu wote wakimtazama, alipokumbuka. Akaketi taratibu, akafunika uso kwa viganja. Mdogo wake alimpita, akaingia ndani kuweka alama za vidole vyake.