Nassibu na Handaki la Pande

Nassibu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Kadija, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hawezi kuona kazi imelala akaipita. Mimi ni mvivu wa kuzaliwa, kwa hiyo tulielewana.

Zama zile za Mwingereza, sisi wa Pande tulilima mihogo, nguruwe wakala. Unalala una shamba, unaamka una mashimo. Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, alipopita kwenye ziara yake tukamlilia. Akaandika daftarini, akanywa madafu mawili, akaenda zake. Mwaka wa pili akaja tena, akanywa tena madafu. Alipoondoka, Nassibu akasimama barazani akasema, "Jamani, huyu tutamnywesha mpaka lini? Tuchimbe wenyewe."

Tukachimba. Handaki la kuzunguka mashamba yote, kina chake kimo cha mtu, kila nyumba na kipande chake. Ilituchukua viangazi viwili. Wanawake walibeba udongo kwa vikapu, wazee walichimba kwa kupokezana, na hata mimi nilichimba, ingawa Kadija anasema nilichimba kwa mdomo.

Siku nguruwe wa kwanza alipoanguka, vigelegele. Siku ya tatu kijiji kizima kilikuwa kimeziba pua. Hebu fikiria: kijiji cha Waislamu watupu, tumebishana viangazi viwili juu ya kina na upana na nani kampunja mwenzake hatua mbili, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza nani atamtoa yule mnyama. Hata jina lake tulikuwa hatupendi kulitamka, tulisema "yule" tu. Wengine wakaanza kusema handaki lifukiwe.

Nassibu akachukua kamba na jembe, akashuka. Akachonga mteremko upande mmoja, akamfunga mnyama miguu, akamvuta hadi porini, akamfukia. Aliporudi akanawa mara saba, moja kwa udongo, mbele ya Mwalimu Ismaili wa msikitini. Mwalimu akatutangazia kwamba mtu huyu ni safi na hana dhambi yoyote. Tukaitikia, "Naam, Mwalimu." Wiki ile ile palikuwa na hitima. Nassibu alipotia mkono kwenye sinia, wenzake watatu wakasema wameshiba. Mmoja wa hao watatu ni mimi.

Sikuwa na chuki naye, wallahi. Tumbo tu lilikataa. Tangu siku hiyo, kila penye shughuli Nassibu alikuja na sahani yake ya bati, akapakuliwa, akala pembeni. Hakulalamika mbele yetu. Kadija ndiye aliyeniambia kwamba akirudi nyumbani huiweka ile sahani chini na kusema, "Mke wangu, chakula cha peke yako hakishuki."

Ikapita miaka tisa. Mihogo ilikomaa mpaka tukawa tunaikausha makopa na kuyapeleka Kivinje kuuza. Tukajenga ghala, tukaezeka msikiti kwa mabati. Watu wa vijiji vingine wakaja kulipima handaki letu kwa fimbo wakachimbe la kwao. Nassibu akaendelea kuvuta nguruwe.

Kisha binti yake, Samia, akaposwa na kijana wa Mitole. Kwetu sisi, siku ya harusi baba wa bibi harusi hula sinia moja na wazee wa bwana harusi. Asipokula nao, amekataa undugu. Asubuhi ile Nassibu akanifuata nyuma ya jiko. Alikuwa na hofu, yeye aliyekuwa akishuka handakini hata nguruwe akiwa hai.

"Shemeji, nikila nao kimya, wakaja kusikia baadaye, watamrudisha mwanangu. Nikiwaambia, wataondoka leo hii hii."

"Nyamaza ule," nikamwambia. "Pande nzima itanyamaza."

"Najua itanyamaza," akasema. "Miaka tisa mmenyamaza."

Nikasingizia kuni, nikaondoka.

Nikahi ikafungwa msikitini, masinia yakatandazwa pale pale barazani. Mzee Abdala, babu wa bwana harusi, akaita, "Mkwe, njoo bwana, wali unapoa!" Nassibu akaja na sahani yake ya bati mkononi, akasimama mbele yao. Sisi wa Pande tukaacha kutafuna.

"Shikamoo, mzee. Kabla sijakaa, mjue jambo. Kwenye handaki letu huanguka nguruwe, na anayewatoa ni mimi, kwa mikono hii. Juzi nimetoa mmoja. Kama hamwezi kula nami, sahani yangu ninayo. Lakini binti yangu hana kosa."

Mzee Abdala akaitazama ile mikono.

"Marahaba. Umenawa?"

"Mara saba, mzee. Moja kwa udongo."

"Sasa hiyo sahani ya nini?" Akamnyang'anya, akaiweka nyuma yake. "Sogeeni nyie, mtu apate pa kukaa. Na mwenzako anayekusaidia kazi hiyo yuko wapi, naye aje tule?"

"Sina mwenzangu, mzee."

Mzee Abdala akainua macho, akatupitia mmoja mmoja sisi wa Pande, chini ya mabati yetu mapya.

Nassibu akakaa, akatia mkono. Machozi yalikuwa yanamdondoka ndevuni na hakuyafuta, alikula tu, tonge baada ya tonge, kama mtu aliyetoka safari.

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikainuka, nikanawa, nikaenda kwenye sinia lile nikale na shemeji yangu. Nilikuwa nimechelewa. Wale wa Mitole walikuwa wamekaa bega kwa bega, hapana pa kupenyeza hata kidole. Nikasimama pale, mkono unachuruzika maji. Mzee Abdala, bila kugeuka, akapeleka mkono nyuma yake, akanipa ile sahani ya bati.