Mshono Chini ya Kiti cha Behewa

Bibi mmoja, fundi aliyeshona viti vya treni kwa miaka ishirini na sita, alipelekwa na mjukuu wake kuona behewa la zamani lililokarabatiwa na kuwekwa kwenye makumbusho. Wageni walipiga picha na kusifia enzi zile. Yeye alikunja uso tangu mlangoni.

"Viti ni vilevile vya tangu mwanzo," msimamizi alijitapa.

"Mh! Kizuri chajiuza, huyu mbona anakitembeza?" bibi alimnong'oneza mjukuu. "Hapa pana jambo."

Akapiga magoti, akapenyeza mkono chini ya kiti cha kwanza. Vidole vilikuta pini za chuma, si uzi. Cha pili, pini. Cha tatu, pini. Msimamizi akaingiwa na wasiwasi, akamfuata unyounyo kama anayevizia mwizi.

"Mama, unatafuta nini humo?"

"Natafuta kazi yangu. Mmeipeleka wapi?"

Kwenye kiti cha mwisho, kando ya dirisha, mkono wake ukasimama. Alipapasa mshono wa mkono, wenye mafundo mawili mawili kama alivyozoea kuyafunga. Akakaa papo hapo sakafuni, machozi yakimlengalenga.

Msimamizi akachutama, akapapasa mwenyewe, akanywea. "Nasi tuliambiwa vyote ni vya asili. Utakubali kuwafundisha mafundi wetu?"

Bibi alimtazama juu hadi chini. "Nitakuja Jumatatu. Ila hiki kimoja asikiguse mtu, na ufunguo wa behewa nitakaa nao mimi."